Nimepewa maiki na hedifoni siku ya kwanza ya kutoka. Nikisikia kelele, nimkatize mtu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasomea utangazaji, na nimeanza fildi kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Dar. Wiki nzima nilikuwa chumba cha habari tu, lakini Alhamisi natoka lokesheni kwa mara ya kwanza. Tunaenda soko la samaki la Feri kurekodi kipindi cha dakika 15 kuhusu wachuuzi wa samaki. Mpigapicha ameniambia nitashika maiki na kuvaa hedifoni, na stendi ya kamera nitabeba mimi. Darasani tulifanya hivyo mara mbili tu. Wenzangu wananiambia nikae kimya, nisiguse kitu, nisionekane mjuaji, na kwamba kelele zikiingia mhariri atazisafisha kwenye kompyuta. Ni kweli? Nikisikia kitu kibaya katikati ya mahojiano, naruhusiwa kumkatiza mtu mzima? Na nikipiga picha kwa simu yangu nikaziweka mtandaoni, kuna ubaya?"

Marahaba, binti. Nianze na hilo la kumkatiza mtu, maana ndilo lililobeba mengine yote. Ndiyo, unaruhusiwa, na kuna wakati unalazimika. Pale Feri mtakuwa wengi, lakini mwenye hedifoni atakuwa mmoja. Mpigapicha macho yake yatakuwa kwenye fokasi na mwanga, mwandishi atakuwa anawaza swali linalofuata, na mhojiwa atakuwa anapambana na woga wake mwenyewe. Sauti ikikatika dakika ya tatu, hakuna kati yao atakayejua. Ukinyamaza kwa heshima, mtarudi ofisini na picha nzuri za mama anayechezesha midomo.

Wenzako wamekushauri kwa nia njema, ila wamechanganya kujifanya mjuaji na kutoa taarifa. Mjuaji humwambia mpigapicha aweke kamera wapi. Mwenye hedifoni husema, "Kaka, sauti imekatika." Hilo la pili ndilo ulilotumwa kufanya.

Kuhusu mhariri kusafisha kelele, ukweli ni nusu. Programu za kuhariri hupunguza vizuri kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni au wa jokofu, kwa sababu mashine inaweza kuitambua na kuitoa. Feri haina kelele za namna hiyo. Ina dalali anayenadi, honi ya pantoni, injini za boti, bodaboda, na watu wanaoitana. Sauti ya dalali na ya mhojiwa wako zote ni sauti za binadamu, zimekaa kwenye masafa yaleyale, na ukijaribu kutoa moja unaichubua na nyingine. Matokeo yake ni ile sauti ya mtu anayeongea kama yumo ndani ya pipa la maji. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno nayo ni hasara, kwa kuwa mawimbi yakishakatwa vichwa, kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote.

Kinachookoa sauti ni umbali kati ya mdomo na maiki. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maiki ikitoka sentimita 20 hadi 40, umepoteza 6. Ikifika 80, umepoteza 12. Kelele za soko hazishuki, kwa kuwa zinatoka pande zote na tangu mwanzo zilikuwa mbali. Ukiongeza geini, yaani nguvu ya kukuza sauti inayoingia, ili umsikie mhojiwa, unapandisha na soko zima pamoja naye. Basi kelele zikizidi, sogeza maiki kwanza, ndipo ufikirie kugusa kitufe.

Kuna jambo la kichwani pia. Ubongo wako huchuja kelele bila kukuuliza, ndiyo maana unaweza kuongea na rafiki ndani ya daladala. Maiki haina ubongo. Mahali panapoonekana patulivu kwa masikio matupu panaweza kuwa vurugu tupu kwenye hedifoni. Vaa hedifoni kabla hamjachagua mahali pa kumweka mhojiwa, kaa kimya sekunde 30, usikilize. Hatua tano nyuma ya ukuta zinaweza kubadilisha kila kitu.

Sasa maiki ipi? Huenda mkawa nazo tatu. Ile ndogo ya kubana kifuani ni nzuri mhojiwa akiwa ameketi au amesimama mahali pamoja. Ibane shubiri moja chini ya kidevu, ielekee juu. Kwa mama aliyevaa hijabu usiifiche chini ya kitambaa, maana kitambaa huzima sauti na msuguano wake husikika kama karatasi inayokunjwa. Ibane ukingoni, upande wa nje, na mwache apitishe waya mwenyewe ndani ya nguo. Mikufu na kadi za kitambulisho zinazoning'inia ziombe ziwekwe kando kwanza. Kama haina waya wa kufika kwenye kamera, kile kiboksi cha kiunoni kinachorusha sauti yake kikae upande unaoelekea kamera, kwa sababu mwili wa mtu umejaa maji na huzuia mawimbi ya redio. Huo ndio mwanzo wa sauti inayokatikakatika.

Maiki ya mkononi ndiyo ningeichagua kwa mahojiano ya harakaharaka pale mnadani. Huwa inavumilia fujo na unaiweka karibu na mdomo: sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kidevu, imeinamishwa. Usimkabidhi mhojiwa ashike. Ataipungia hewani kama fimbo, au ataibana kifuani, na hutaipata tena bila kuvutana. Kama ina waya, zungusha kitanzi kimoja mkononi ili kila waya unapovutwa mshtuko usifike kwenye maiki.

Ile ndefu ya juu ya kamera watu wanaidhania kuwa inavuta sauti ya mbali kama lenzi. Haivuti. Inapunguza za pembeni tu, na chochote kilicho nyuma ya mhojiwa kwenye mstari uleule inakisikia vizuri sana. Ukiambiwa uitumie, ishushe kutoka juu ya kichwa chake ielekee kifuani, ili nyuma yake kuwe na sakafu na si mnada.

Kabla ya kurekodi kitu chochote, fanya jaribio moja ambalo huchukua sekunde mbili: kwaruza kichwa cha maiki taratibu kwa ukucha huku ukisikiliza. Mkwaruzo ukija kwa nguvu, maiki hiyo ndiyo inayorekodiwa. Ukija kwa mbali au usipokuja, kamera inarekodi kwa maiki yake ya ndani, na hilo ni kosa linalowanasa hata wazoefu, kwa sababu sauti unaisikia na unadhani mambo sawa. Hapo angalia swichi ya kuchagua maiki ya ndani au ya nje, na ile yenye maandishi LINE, MIC na +48V. Maiki ndefu nyingi zinahitaji umeme huo wa volti 48 kutoka kwenye kamera. Ya mkononi ya kawaida haihitaji. LINE ni ya sauti iliyokwisha kukuzwa na mtambo mwingine, kwa hiyo maiki ya kawaida ikiwekwa hapo, sauti huwa hafifu mno. Angalia pia kitufe cha kunyamazisha kwenye kiboksi cha kiunoni. Wahojiwa hukigusa bila kujua wanapoketi.

Kiwango: mwombe mhojiwa aongee kama atakavyoongea, si kuhesabu moja, mbili, tatu. Muulize amekunywa nini asubuhi. Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12 kwenye mita, kile kipimo cha sauti kwenye skrini ya kamera, na sifuri visiguse kamwe. Kama kamera inaruhusu, mwombe mpigapicha aelekeze maiki hiyohiyo kwenye chaneli ya pili, desibeli 10 chini. Mtu akipasuka kicheko, chaneli ya pili itakuwa salama. Na ujue kuwa kitufe cha sauti ya hedifoni hakigusi kinachorekodiwa. Unaweza kusikia sauti kubwa masikioni huku mita ikicheza -40. Sikiliza kwa masikio, pima kwa macho.

Feri upepo hauishi, iwe kusi au kaskazi. Upepo ukigonga maiki hutoa ngurumo ambayo hakuna programu itakayoiondoa bila kuondoka na maneno. Sifongo nyeusi ya kuvisha maiki haitoshi ufukweni. Omba ile yenye manyoya. Isipokuwepo, simama wewe mwenyewe upande upepo unakotoka, mgongo wako uwe ukuta.

Turudi kwenye kukatiza, maana kujua kuwa unaruhusiwa hakukuambii lini. Siku moja kabla, kubaliana na mpigapicha ishara ya mkono ambayo mhojiwa haioni. Sauti ikifa kabisa au ikianza kupasuka, toa ishara papo hapo. Kila sekunde inayopita ni sekunde mtakayoirudia, na mtu hasimulii jambo mara ya pili kwa moto uleule. Ukisikia nguo inasugua maiki, au bodaboda imepita juu ya sentensi, subiri amalize jibu. Andika saa ya kamera kwenye daftari, kwa mfano "12:40 bodaboda", kisha sema. Kelele ndogo ya mbali ambayo haifuniki neno, iandike tu na uiache ipite.

Maneno yenyewe ayaseme mwandishi au mpigapicha, hasa mkiwa na kiongozi. Wakikuachia wewe, sema hivi: "Samahani sana mama, mtambo umetusumbua kidogo. Naomba urudie kuanzia pale uliposema bei ya samaki changu." Mtaje mtambo, usimtaje yeye. Ukimwambia "hujasikika vizuri" ataanza kupiga kelele, au atajiona amekosea na ataongea kama anasoma risala.

Wewe mwenyewe usiitikie kwa sauti wakati wa mahojiano. Ile "mhm" na "eeh" ya heshima tuliyolelewa nayo hurekodiwa, na mhariri haitoi. Itikia kwa kichwa na macho. Mahojiano yakiisha, kabla mtu hajaondoka, waombe wote wanyamaze mrekodi sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe. Rekodi pia dakika nzima ya mnada ukiwa umesimama mita tatu hivi kutoka kwa dalali. Mhariri atazitumia kuziba nyufa kila anapokata, na atakuulizia jina.

Mahojiano mengine yakifanyika ndani, dukani au ofisini, jokofu litawanyima raha. Omba ruhusa mlizime, halafu weka funguo za gari ndani ya jokofu hilo. Hamtaweza kuondoka bila kuzifuata, na samaki wa watu hawataoza kwa kusahau kwenu.

Stendi si kazi ya kudharauliwa. Ifungue miguu yote mitatu, kaza kila kifungo, mguu mmoja uelekee mbele chini ya lenzi ili uzito wa kamera usiipindue, kisha sawazisha kwa kile kipovu cha maji. Kamera ikishaingia kwenye bamba la juu ya stendi, ivute kidogo juu kabla ya kuiachia. Kuna wakati huonekana imekaa kumbe haijabana. Mnapopokezana kamera, anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme "nimeshika". Sakafu ya Feri ina maji ya barafu na chumvi, kwa hiyo begi lisiguse chini, na wewe vaa viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza. Jioni futa miguu ya stendi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Chumvi ikilala usiku kucha kwenye vifungo, inakula chuma.

Jambo moja la Dar ambalo vitabu vya nje havilitaji sana: mkitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kikali na kufungua kamera palepale, lenzi itajaa ukungu kama chupa ya soda baridi inavyotoa jasho. Kufuta hakusaidii, utarudi tena, na unyevu unaweza kuwa umeingia ndani. Dawa ni kumwomba dereva azime kiyoyozi na kufungua madirisha dakika 20 hivi kabla ya kufika, au kuacha begi limefungwa mpaka kamera ipate joto la nje. Mnada huanza alfajiri na hausubiri, kwa hiyo likumbushe hilo garini.

Mambo ya picha si yako siku hiyo, lakini ukiyaelewa hutashangaa. Soko linatazama bahari, na asubuhi jua linatokea upande huo. Mhojiwa akisimama mgongo baharini atakuwa kivuli cheusi, ndiyo maana mpigapicha atamgeuza. Utamwona pia akiweka shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za sokoni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata isipolingana, picha huchezacheza au hupata mistari. Kila anapopiga picha ya samaki, ya mizani au ya mikono ya mpara samaki, ataishikilia sekunde 10 bila kutikisika. Usiongee wakati huo. Sauti yake nayo inatumika.

Watu. Fikeni kwanza ofisi ya uongozi wa soko mkiwa na barua ya kituo, hata kama mtayarishaji alishapiga simu. Kwa mchuuzi, salamu kwanza, jina lako, kituo, mnachofanya, ndipo maiki. Akikataa, mshukuru na mwendelee. Anayelazimishwa hujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mtoto asihojiwe bila mzazi au mlezi. Jina la kila mhojiwa liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, na kazi yake kama anavyoitaja mwenyewe, maana jina likikosewa kwenye skrini ndugu zake wote wataliona. Na ukumbuke Ikulu ya Magogoni iko jirani hapo hapo. Kamera isielekezwe huko, hata kwa kujaribu lenzi. Askari akiuliza, mtayarishaji ndiye mwenye vibali, mwelekeze kwake.

Kadi za kumbukumbu zipe mfuko wake wenye zipu: tupu upande mmoja, zilizojaa upande mwingine, na iliyojaa isukume kile kidude cha kufunga pembeni. Kamera ikirekodi megabiti 50 kwa sekunde, kadi ya GB 64 inachukua saa mbili na nusu na ushei, basi piga hesabu mapema. Usifute klipu hata moja kwenye kamera, hata uliyoambiwa ni mbovu. Ofisini kadi haifutwi mpaka kuwe na nakala mbili sehemu mbili tofauti, na mtu amezifungua akatazama mwanzo, kati na mwisho. Kuona orodha ya majina ya faili hakutoshi.

Utakosea, na ukikosea sema mara moja. Kosa lililosemwa mhojiwa akiwa bado amesimama mbele yenu linagharimu dakika tano. Likisemwa jioni linagharimu safari nyingine ya alfajiri, na huenda yule mama asikubali tena. Wapigapicha wakali kuliko wote husamehe la kwanza. La kufichwa wanaliweka moyoni.

Maandishi haya hayatoshi, maana kila kamera ina menyu zake. Jumatano mwombe mpigapicha dakika 10 na vifaa vilevile mtakavyotumia: uunganishe mwenyewe, ukwaruze, usome mita, ubadilishe betri kwa macho yaliyofumba. Beba betri nne mpya za akiba kwa maiki isiyo na waya. Kama sikio moja huvuma au husikii sawa upande mmoja, mwambie kabla ya Alhamisi, na umwone daktari wa masikio. Usibahatishe kazi ya kusikiliza. Mkitakiwa kupanda boti na hakuna maboya ya kuvaa, kataa, hata kama wenzako wamepanda. Kifaa kikikupiga shoti kwenye jenereta, kizimwe na aitwe fundi umeme, asikifungue mtu wa kamera. Na mtu yeyote wa kituoni akikutaka jambo lisilohusu kazi kwa kisingizio cha kukufundisha au kukupa alama, zungumza na msimamizi wako wa chuo siku hiyohiyo; ikifika kwenye kuguswa au kutishwa, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Simu iwe kwenye hali ya ndege wakati wa kurekodi, kwa sababu mawimbi yake yanaweza kuingia kwenye maiki kama mlio wa nyuki. Picha za kumbukumbu piga mkiwa mapumzikoni, za kwako na wenzako waliokubali. Usiziweke mtandaoni kabla kipindi hakijaruka hewani, na hata kikisharuka muulize mtayarishaji kwanza. Mchuuzi aliyekubali kuonekana kwenye kipindi hajakubali kuonekana kwenye ukurasa wako.